Mfereji Ulioshika Mkono wa Mjomba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo narudisha mkono nyuma kabla sijafungua mfereji. Wajukuu hunicheka, wanasema babu anaogopa maji. Mimi siogopi maji. Naogopa chuma ambacho fundi amesema kiko sawa na hakiko sawa, kwa sababu fundi huyo niliwahi kuwa mimi.

Sasa wewe umeanza kazi ya stima, na nimesikia unasifiwa kwa mbio zako. Nyumba nzima unaimaliza kwa siku mbili, wanasema. Hata mimi nilisifiwa hivyo. Vuta kiti ukae, na hiyo simu uiweke chini, maana nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau nilikuwa nimefika wapi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Nakuru, wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akiwasaka wapigania uhuru, siku ambazo mtu hakuthubutu kutembea bila karatasi mfukoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mjomba Zakaria, kaka ya mama yangu, ndiye aliyenileta mjini kutoka kwetu magharibi. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, daktari wa ng'ombe. Baba yangu alipofariki, Mjomba alinilea, akanilipia shule kwa mshahara wake wa jikoni, kisha akanishika mkono akanipeleka kwa Fundi Singh. Akamwambia, "Huyu ni mtoto wangu. Mfundishe kazi." Fundi Singh alikuwa Kalasinga mzee wa ndevu nyeupe, mwenye karakana karibu na stesheni ya reli. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini waya aliofunga yeye hukuhitaji kuukagua.

Mzee yule alikuwa na sheria ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Ukimaliza kuweka stima katika nyumba, huondoki mpaka uvue viatu, uloweshe miguu, upite chumba kwa chumba ukigusa kila mfereji, kila bomba na kila sinki kwa mgongo wa mkono. Nasema mgongo, kwa sababu stima ikikupata kiganjani vidole hujifunga na huwezi kuachia. Aliita jambo hilo kusalimia nyumba. Aliyefunga waya ndiye anayesalimia, hatumi mtu. "Kama wewe iko ogopa salimia," alikuwa akisema, "basi kazi bado kwisha."

Daktari alijengewa nyumba mpya kule juu, kwenye mteremko wa Menengai, ule mlima wa volkano, na sisi tukapewa kazi ya stima. Kule, mwanangu, udongo ni jina tu. Ni majivu ya kale na mawe mepesi, maji ukimwaga yanazama kabla hujageuka. Watu wa huko walikuwa wakisema ule mvuke unaotoka ndani ya shimo la Menengai ni pumzi za wafu, na kwamba siku za upepo ukisimama ukingoni utasikia watu wakiitana. Mimi nilisikia upepo tu, lakini sikupenda kufanya kazi huko peke yangu.

Na siku ya mwisho ya kazi nilikuwa peke yangu, maana Fundi alikuwa na kazi Molo. Kilichobaki kilikuwa chuma cha ardhi. Unajua, lakini nitasema, kwa sababu kujua na kufanya ni watu wawili. Kila kitu cha chuma ndani ya nyumba, boila la maji moto, sinki, mabomba, kinafungwa waya unaotoka nje hadi kwenye chuma kirefu kilichopigwa ardhini futi sita, ili siku stima ikivuja ipate njia ya kwenda udongoni isimtafute mtu. Na bafuni nilitakiwa nifunge waya mwingine kati ya mfereji na lile bomba la kutoa maji machafu, vyuma vyote vishikane.

Nikapiga chuma kile kwa nyundo. Kikaingia futi mbili, kikagonga mwamba. Nikakihamisha hatua tatu, futi mbili tena, mwamba. Nikajaribu mahali pa tatu, mwamba tena. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge, ilikuwa Jumamosi, na kulikuwa na dansi mjini ambako msichana fulani alikuwa ananingoja. Usicheke, hata mimi niliwahi kungojwa. Nikachukua msumeno wa chuma nikakikata. Kipande cha futi nne nikakizika kando ya ua, nikashindilia udongo kwa buti. Juu kulionekana kichwa cha chuma na waya umefungwa vizuri kabisa. Waya wa bafuni nao sikuuweka. Nilijiambia, nani atakayechungulia nyuma ya beseni la kuogea?

Nilisalimia nyumba, ndiyo. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua zimelowesha hata mawe, na boila lilikuwa jipya halivuji kitu. Hakuna kilichoniuma. Fundi aliporudi akaniuliza, "Chuma imeingia futi ngapi?" Nikamwambia sita. Akanipiga begani akasema mimi sasa ni fundi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wazee, lakini yangu ilinipa miezi minane ya kutembea kifua mbele.

Kabla sijafika kwenye Januari, lazima nikwambie habari za Mwaura, la sivyo hutaelewa kilichompata Mjomba. Mwaura alitunza bustani pale kwa daktari. Yeye na Mjomba walikula pamoja, walitaniana kutwa. Asubuhi moja ya Novemba lori lilikuja likamchukua, kama lilivyowachukua wengi wa kabila lake siku zile. Wakati askari wakingoja wengine wapakiwe, Mwaura, mikono imefungwa, alisogea mlango wa jikoni akaomba maji. Mjomba alikuwa na kikombe mkononi. Akamtazama askari, askari akamtazama. Mjomba akafunga mlango. Lori likaondoka, na habari za Mwaura zikaishia hapo. Mjomba aliniambia jambo hilo mara moja tu, akiwa ameinamisha uso.

Januari ikaja na kiangazi chake. Ziwa la Nakuru lilikuwa limerudi nyuma likaacha chumvi wazi, na upepo wa mchana ulipandisha vumbi jeupe mpaka kule mteremkoni. Lilikaa juu ya madirisha, juu ya majani, juu ya kope za watu. Jumapili moja nilipomtembelea Mjomba, nilimkuta amekaa nje ya chumba chake anautazama mkono wake wa kulia.

"Elisha," akaniita. "Mfereji wa jikoni umenishika."

Nikamuuliza umemshika vipi. Akasema alikuwa anaosha vyombo, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, akagusa mfereji, na kitu kikamshika kifundo cha mkono kikamtikisa, kisha kikamwachia. Akasema kilimshika hasa, kama mtu anayekusalimu huku ana hasira. Akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha jambo lingine. Pale kwenye mfereji wa nje palikuwa na bakuli la mbwa wa daktari, limejaa maji. Mbwa alikuwa amelala mbali kidogo, ulimi nje, analitazama. Katika lile vumbi jeupe nyayo zake zilizunguka bakuli mara nyingi, duara juu ya duara, na hakuna hata unyayo mmoja uliofika.

Tukaingia jikoni. Nyumba ilikuwa kimya, wenyewe wamekwenda kanisani. Boila lilikuwa limewashwa, na mabomba yalitoa sauti ndogo ya kunguruma, sauti ya chini sana ambayo ukiitega sikio unadhani imeacha. Nikavua viatu. Nikapeleka mgongo wa mkono polepole kwenye mfereji, na kabla sijaufikia vizuri vinywele vya mkono vilisimama. Kisha ukaniuma hadi kwenye kiwiko.

Nilijua papo hapo, mwanangu. Boila lilikuwa limeanza kuvuja stima, ardhi imekauka, na kile kipande changu cha futi mbili kilikuwa kimesimama ndani ya majivu makavu, hakifiki popote. Mjomba alikuwa ananitazama usoni. Mzee wa watu aliniuliza kwa upole, "Ni stima, mwanangu? Wewe ndiye mtu wa stima. Ukisema ni stima nitaamini."

Nikamwambia, "Hapana, Mjomba. Stima iko sawa."

Uongo nimesema mwingi maishani, nisikudanganye, na mwingi Mungu atanisamehe. Huo mmoja hunitisha. Kwa sababu nilipomwambia si stima, nilimwona akiitikia kwa kichwa taratibu, akajibu kitu kilichokuwa tayari moyoni mwake. "Basi ni yeye," akasema. "Amekuja kutafuta maji yake."

Ningesema ukweli pale pale, ningefukuzwa kazi, basi. Lakini niliuona uso wa Fundi Singh, nikaona mji mzima ukijua nimekata chuma, nikafunga mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha maradhi ambayo kifo chake kingemfika mtu mwingine.

Memsahibu, mke wa daktari, hakuhisi kitu jikoni, alivaa viatu vya soli ya mpira. Alimwambia Mjomba anazeeka. Bafuni alisema maji yanamchoma vidole, akalaumu sabuni. Wiki iliyofuata Mjomba alishikwa mara ya pili, na baada ya siku chache mara ya tatu. Akaanza kuzungumza na mfereji. Kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko alisimama mbele ya sinki akasema, "Mwaura, nilikuwa na watoto nyumbani. Niliogopa. Nisamehe." Kisha akanyoosha kidole akagusa chuma, na kulingana na ulivyomuuma alijua kama amesamehewa siku hiyo. Aliniambia haya bila aibu, tena kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitia hofu zaidi. Akanipa saa yake ya mfukoni. Nikamuuliza ya nini, akasema aliyeshikwa mara tatu na mtu wake hawezi kukaa sana.

Nilijaribu kutengeneza kwa siri. Siku ambayo Mjomba alikwenda sokoni nilipanda kule na madebe mawili ya maji ya chumvi, nikayamwaga kwenye mizizi ya kile chuma. Huo ni ujanja wa mafundi wavivu, na najua umeshaufanya, usigeuze uso. Siku tatu mfereji haukumuuma mtu. Nikapumua. Jumapili nikaenda kwa Mjomba nikitaraji kumkuta amechangamka.

Akaniambia, "Amekunywa, Elisha. Sijui ameyapata wapi, lakini amekunywa akatulia."

Nilikaa pale nimeshika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Kisha akaendelea, kwa sauti ile ile, kwamba tangu asubuhi hiyo mfereji umeanza kuuma tena, kiu imemrudia Mwaura. Alikuwa ameamua. Jumamosi wenyewe watashinda Molo kwenye shamba la rafiki yao. Atavaa koti lake la kanisani, atamwaga maji sakafuni Mwaura ayapate, atavua viatu, na atashika mfereji kwa mikono miwili. Safari hii hatauvuta mkono. Atashika mpaka Mwaura aseme inatosha.

Mwanangu, unajua mikono miwili kwa viganja maana yake nini. Nilimsihi asifanye. Nilimwambia mambo ya Mungu, mambo ya watoto wake, mambo yote isipokuwa lile moja. Akatabasamu akasema mimi ni kijana, sijui deni la maji.

Ijumaa nilipanda tena na debe langu, nikakuta daktari mwenyewe yuko bustanini, nikarudi. Jumamosi asubuhi nilisimama karakanani nimeshika koleo bila kujua nafanya nini. Fundi Singh alinitazama kwa muda mrefu. Nikamwambia, ulimi mzito, kwamba kule kwa daktari mfereji unauma.

Akauliza, "Chuma yako futi ngapi?"

Nikasema, "Sita, Fundi."

Alichukua sanduku lake la vyombo, akaingia kwenye pikapu yake, akanifungulia mlango wa upande wa pili. Barabarani hakunitazama. Vumbi lilikuwa limeifunika Menengai, ukaona nyumba tu imesimama ndani ya weupe, bila mlima nyuma yake. Mbwa hakubweka.

Tulipofungua mlango wa jikoni Mjomba alikuwa amesimama mbele ya sinki. Koti jeusi la kanisani, suruali imekunjwa, miguu mitupu ndani ya maji. Alikuwa ameinyoosha mikono yote miwili, na midomo yake ilikuwa inacheza. Boila lilinguruma. Kati ya vidole vyake na chuma palikuwa na nafasi ya kupitisha kisanduku cha kiberiti.

"Zakaria," Fundi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Ngoja kidogo. Mtu ingine iko na zamu mbele yako."

Akanigeukia. "Wewe iko sema futi sita. Mimi iko sikia. Vua kiatu. Ingia kwa maji. Shika."

Nikavua viatu. Sijui kwa nini nilivivua, labda nilidhani aibu ina mahali inapoishia. Nikakanyaga yale maji, yalikuwa baridi. Mjomba akasogea kunipisha, bado ananitazama kwa yale mapenzi yake. Nikainua mkono. Niliwaza kwamba nikishika na kufa, basi yameisha, hakuna atakayejua. Ndiyo, niliwaza hivyo, mwanangu, nikuambie ukweli. Mkono ukakataa.

"Futi mbili," nikasema. "Nilikikata, Fundi. Ni futi mbili."

Fundi alitoka akaenda kuzima swichi kubwa. Ule mngurumo ukakatika, na ndipo nilipojua ulivyokuwa umejaa nyumba nzima. Aliporudi akapita moja kwa moja akashika mfereji kwa kiganja chake, akaufungua, akanawa uso. Kisha akanieleza, bila kupaza sauti, maneno ambayo nimeyarudia kwa kila niliyemfundisha. "Stima iko tafuta udongo. Wewe pa yeye njia kubwa, yeye kimbia mara moja, fyuzi nakatika, mtu salama. Wewe pa yeye njia ndogo, yeye hapana kwenda. Yeye kaa ndani ya chuma, ngojea mtu."

Nilitarajia Mjomba anipige. Ningeshukuru. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake la kanisani, miguu ikidondosha maji, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hivyo si Mwaura?"

"Si Mwaura, Mjomba. Ni mimi."

Akalia, mzee yule, machozi bila sauti. Akasema, "Mwezi mzima nimemwomba msamaha kila asubuhi. Siku nyingine nilidhani amenisamehe. Kumbe nilikuwa nazungumza na uongo wako."

Jioni ile nilichimba kwa mikono yangu. Fundi alichagua mahali chini ya mteremko, karibu na shimo la maji machafu, ambako ardhi ina unyevu, na chuma kikaingia futi sita na zaidi. Tulikizungushia makaa ya kushika unyevu. Tukafunga waya wa shaba kutoka boila hadi sinki, kutoka sinki hadi beseni, kutoka beseni hadi bomba la maji machafu. Fundi hakunifukuza. Alinirudisha kubeba ngazi miaka miwili, na nilizibeba. Mjomba aliishi miaka mingi baada ya hapo, tulikula pamoja, alinichagulia hata mke. Lakini hakusimama tena mbele ya sinki akiongea, na Mwaura hakurudi, na mimi ndiye niliyemnyang'anya mahali pa pekee alipokuwa anaombea radhi. Saa yake nilimrudishia. Hilo lingine sikuwa na namna ya kulirudisha.

Basi sikia, mwanangu. Chuma kikigonga mwamba, hama mara kumi, hama mpaka ufike kwa jirani, lakini usikikate. Kila chuma ndani ya nyumba kifunge kwa mwenzake, mfereji, beseni, bomba, boila, hata lile bomba lisiloonekana. Vikishikana vyote, hakuna kitakachompiga mtu kwa niaba ya kingine. Usimwage maji kwenye kosa ukaita matengenezo. Leo mna mashine za kupimia, basi pimeni, tena kiangazi, msije mkasalimia mabomba kwa ngozi kama sisi. Na siku mtu atakapokuuliza, "Ni hii kazi yako inayoniuma?" na wewe unajua ni yako, sema ndiyo siku hiyo hiyo. Ukisema hapana, lazima atafute wa kumlaumu, na hujui ana nani moyoni mwake.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe subira kwenye mwamba na ulimi mwepesi kwenye kweli. Na nyumba zote utakazoziacha nyuma yako, waishio humo wafungue mifereji, wanawe, waogeshe watoto, wasijue hata siku moja kwamba ulipita.